Mkono wa Kisu na Mkono wa Ndizi

Mara ya kwanza nilipoona chuma kikitengenezwa, nilikuwa nimekaa kwenye stuli ya plastiki ndani ya studio ya picha, Bukoba mjini, nikimsubiri mteja wa pasipoti afunge vifungo vya shati. Mwenye studio alikuwa na kazi ya bango la fundi wa mageti. Alichora kisanduku kwenye kompyuta, kijivu kitupu kama ukuta uliopigwa lipu na kuachwa. Akakimwagia vinukta vyeusi na vyeupe mpaka kikafanana na mchanga. Kisha akabofya mahali, na ule mchanga wote ukavutika kwenda upande mmoja, kama mtu aliyepitisha kiganja juu yake. Palepale nikaona bati la chuma lililosuguliwa kwa msasa. Akaongeza utepe mweupe katikati, akafifisha kingo zake, na lile bati likajipinda, likawa bomba.

Niliinuka nikaligusa. Nilitegemea ubaridi. Kioo kilikuwa na joto kidogo, na kidole changu kiliacha alama ya jasho juu ya chuma ambacho hakikuwepo.

Mwenye studio alicheka, na mteja wa pasipoti akacheka naye. "Angalia kutu isije ikakuingia," akaniambia.

Sikumjibu. Mimi si mtu wa kujibu. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, Izigo, sikuendelea, na nilipokuja mjini nilichukuliwa pale studio ili nipokee wateja. Kazi hiyo ilinishinda ndani ya wiki mbili. Mtu akiingia nilikuwa naangalia miguu yake, naye akidhani tumefunga anatoka. Mwenye studio ni mtu wa upande wa mama yangu, na hujiita mjomba pale anapotaka kunigombeza. Aliamua tubadilishane viti. Yeye akakaa mlangoni na mdomo wake, mimi nikakaa kwenye kompyuta na ukimya wangu. Alisema kompyuta ndiyo mteja pekee ambaye sitamfukuza.

Maneno yote ya ile programu ya picha ni ya Kiingereza. Sikujua maana zake, nilijua mahali yanapokaa, kama mtu anavyojua mgomba fulani uko wapi hata gizani. La tatu kutoka chini, lenye mshale pembeni: hilo ndilo linalovuta mchanga kuwa chuma. Nilikuwa na daftari la hatua. Naandika polepole, herufi moja moja, kwa hiyo hatua ambayo mjomba aliifanya kwa dakika moja ilinichukua ukurasa na nusu siku. Lakini nilipomaliza kuiandika sikuisahau tena.

Watu wa Bukoba wanapenda dhahabu. Kadi ya harusi bila herufi za dhahabu wanaona kama umewanyima kitu. Vijana wa bodaboda wao wanataka majina ya pikipiki zao yang'ae kama bampa jipya. Kwa hiyo nilitengeneza metali kila siku, na kila siku nilishangaa. Nilikuja kugundua kwamba siri yake ni ndogo, na udogo huo ndio ulionishangaza zaidi. Kitambaa huhama kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye giza taratibu. Ngozi ya mtu vilevile. Metali hairuhusu hayo. Weupe mkali hukaa ubavuni mwa weusi mkali bila kitu katikati. Ukiweka nafasi kidogo tu kati yao, ile dhahabu inakuwa siagi. Ukiwasogeza wakagusana, jicho linaapa kwamba ukigonga patalia.

Mjomba alikuwa na dhahabu ya tayari ndani ya programu, unabofya mara tatu inajimwaga juu ya chochote. Niliiamini. Niliiamini mpaka nilipoipeleka kwa Bibi.

Bibi ni mama mzaa baba. Anaishi Izigo, katikati ya kibanja kile kile alikoolewa, migomba mbele, migomba nyuma, mibuni chini ya migomba. Ananiita mke mwenza, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kike, na kwa jina hilo ana ruhusa ya kunitania apendavyo. Nikifika ananiambia marehemu mume wetu alikuwa anampenda yeye zaidi. Kwa Bibi peke yake nilikuwa naongea, labda kwa sababu yeye alikuwa haningojei. Alikuwa anaongea, na mimi nachomeka maneno pale anapomeza mate.

Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazima. Kule hospitali, Rubya, daktari wa macho alimwambia ni presha ya macho, kwamba dawa ya matone italichelewesha lile la kulia lakini haiwezi kuliahidi kitu. Alimwambia kama kuna jambo anataka kuliona, asiliahirishe. Bibi alirudi nyumbani, akakaa siku mbili bila kusema neno, jambo ambalo liliwatisha watu kuliko habari ya jicho. Siku ya tatu alinipigia simu kwa simu ya jirani. Akasema nije Jumamosi, ana picha.

Picha yenyewe ilikuwa ndani ya Biblia, imefungwa kwenye nailoni ya sukari. Ndogo kama kiganja, nyeusi na nyeupe, imepigwa zamani na mtu wa misheni aliyekuwa akipita. Mwanamke kijana amesimama mbele ya nyumba ya nyasi, mikono ameilaza tumboni. Uso ulikuwa mzima, umepauka tu. Kuanzia viwiko kwenda chini hapakuwa na kitu. Mwaka fulani paa lilivuja, maji yakaingia kwenye sanduku, na ukungu ukaila mikono yote miwili. Kwenye mkono wa kulia ulibaki mstari mmoja mmoja, kama mikunjo. Wa kushoto ulikuwa doa la kahawia.

Huyo alikuwa mama yake. Alifariki Bibi akiwa mtoto wa kukaa chini, wa miaka mitatu au minne. Bibi alinieleza polepole, safari hii bila utani. Alisema uso ule anaujua kwa sababu watu wazima walimwonyesha picha wakamwambia huyu ni mama yako. Yeye mwenyewe uso haukumbuki. Anachokumbuka ni mikono. Mama alikuwa akikaa sakafuni kumenya ndizi, na mtoto akikaa mbele ya magoti yake, na mbele ya macho ya mtoto ilikuwa ni ile mikono, na bangili za shaba, nyembamba na nyingi, zimepangwa kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko.

"Uso niliambiwa," alisema. "Mikono niliiona mwenyewe. Nirudishie hiyo, kabla jicho hili nalo halijafunga."

Nilimwambia ndiyo. Nilisema upesi, na moyoni nilikuwa na furaha mbaya ya mtu anayejua kitu. Shaba ilikuwa ni mibofyo mitatu.

Nilirudi mjini nikaipitisha ile picha kwenye skana kwa ukubwa wote ambao mashine iliweza. Nikaipaka rangi: ngozi, nyasi, nguo. Mikono niliichukua kwangu. Nilijipiga picha kwa simu nimelaza mikono tumboni, nikaihamisha, nikaifanya iwe ya yule mama. Ilimkaa vizuri kupita nilivyotarajia. Kisha bangili. Mkono wa kulia ulikuwa na ile mistari iliyobaki, nikaifuata. Nikamwaga dhahabu ya tayari, nikaivuta rangi yake iende kwenye wekundu wa shaba, nikaweka weupe juu na weusi chini. Ziling'aa. Mkono wa kushoto haukuwa na cha kufuata, kwa hiyo nilinakili zile bangili za kulia, nikazigeuza upande kama mtu kwenye kioo, nikazibandika. Kazi ya asubuhi moja. Mjomba akaita wateja waje kuangalia. Tulichapa kwenye karatasi ya kung'aa, tukaweka fremu.

Nilipoifikisha Izigo, Bibi aliibeba mpaka mlangoni penye mwanga. Alikuwa ameanza kuangalia vitu kwa kuzungusha kichwa, kama kuku, akitafuta sehemu ya jicho ambayo bado ipo. Kila alipoigeuza picha, karatasi ilimmulika akafumba. Akaigeuza tena. Jirani yake, mama mmoja ambaye hakosi pale, alishasema ni nzuri sana, ni nzuri kabisa. Bibi hakumsikiliza.

"Mke mwenzangu," alisema mwishowe, "huyu umemtoa wapi?"

"Ni mama yako, Bibi."

"Mama yangu hakumenya ndizi?"

Jirani akacheka akidhani ni utani. Mimi nilijua si utani kwa sababu alikuwa ameishusha picha mapajani, uso chini.

Aliniita nikae. Akanishika mikono, akainyoosha mbele yake, akanifundisha kitu ambacho nimekifanya tangu nikiwa na miaka sita bila kukiona. Mkono wa kulia hushika kisu. Wa kushoto hushika ndizi. Utomvu wa ndizi mbichi hautoki kwenye kisu, unatoka kwenye ndizi, unatiririka kwenye kiganja cha kushoto, unaingia kwenye kifundo, unakauka, unakuwa mweusi. Ngozi utaiosha kwa mafuta, bangili hutazifikia zote. Mwanamke wa huku akivaa shaba mikono miwili, baada ya mwaka ana shaba za aina mbili. Za mkono wa kisu zinang'aa. Za mkono wa ndizi ni nyeusi kwa nje, na zinang'aa pembeni tu, pale zinaposuguana zenyewe kwa zenyewe. Bibi, akiwa mtoto, aliwahi kudhani mama yake ana mkono wa mchana na mkono wa usiku.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia nilitengeneza mmoja nikaugeuza.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama inaweza kutengenezwa tena, na akauliza inachukua muda gani, na kwenye swali la pili sauti yake haikuwa na utani wa mke mwenza hata kidogo. Jicho moja, ambalo linajifunga kama mlango kwenye upepo, lilikuwa limeona kosa ambalo mimi, mjomba na wateja wote wa siku ile hatukuliona.

Njiani kurudi nilikuwa nafikiria kufanya bangili za kushoto ziwe nyeusi. Nilipokaa kwenye kompyuta nikazifanya nyeusi, na zikawa raba. Nikaongeza weupe pembeni, zikawa raba iliyolowa. Nilihangaika siku tatu. Nilikuwa najua shaba ya kwenye programu, ile ambayo mtu wa nchi nyingine aliitengeneza akaiweka humo. Shaba iliyokaa kwenye mkono wa mtu ndani ya kibanja sikuwahi kuiangalia.

Nilimwomba mjomba ruhusa ya wiki moja niende nyumbani kumenya ndizi. Aliuliza kama nimepata mchumba Izigo anayependa ndizi. Kisha akaingia stoo akatoka na kipande cha waya wa umeme kilichobaki walipofunga taa za studio, akaniambia humo ndani mna shaba, nichune gamba.

Nilichuna kwa kisu cha jikoni kwa Bibi. Waya ulitoka mwekundu na safi, nikauzungusha mikononi mwangu mizunguko mingi, kulia na kushoto, mpaka karibu na kiwiko. Jirani alipita akaniona akauliza kama naolewa au naagua. Bibi akamjibu kwamba mke mwenzake ameanza kazi ya serikali.

Kwa wiki nzima nilimenya ndizi za nyumba yetu na za jirani. Siku ya kwanza hapakuwa na tofauti. Siku ya pili mkono wa kushoto ukawa na ukungu wa kahawia, kama pumzi kwenye kioo. Siku ya nne ulikuwa umeanza kuwa mweusi, na weusi huo haukuwa sawasawa. Ulikuwa na matone yaliyokaukia njiani, yenye kingo, na kati ya waya na waya palikuwa na uzi mwekundu mwembamba unaowaka kila nikigeuza mkono. Mkono wa kisu ulibaki mwekundu, ila ulichubuka vimistari vingi vidogo vinavyoelekea upande mmoja. Vimistari vile vile vya mchanga wa kwenye kompyuta. Nilipoviona nilicheka peke yangu. Kumbe yule aliyetengeneza kitufe kile naye aliwahi kuangalia kitu mpaka mwisho.

Lakini si hilo lililonifanya niache kumenya.

Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limepanda. Nilikuwa nimekaa mlangoni, kisu mkononi, nikasogeza mkono wa kulia karibu na uso ili nione vile vimistari. Nikaona kijani. Nilidhani ni uchafu, nikasugua. Hakikutoka. Nikasogeza mkono, kijani kikasogea. Nikausogeza karibu zaidi mpaka pumzi yangu ikaufikia, na ndani ya uzi mmoja wa shaba, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, nikaona migomba. Majani yote yalikuwamo, yamebanwa yakawa mstari. Juu yake palikuwa na anga, mstari mweupe mwembamba. Chini palikuwa na kahawia ya uwanja wetu. Katikati kulikuwa na doa jeusi refu, nami nilipotikisa kichwa doa likatikisika. Nilikuwa mimi.

Nikaangalia uzi wa pili. Kibanja chote kilikuwamo tena. Wa tatu, vilevile. Nilikuwa nimevaa kibanja cha Bibi mara thelathini kwenye mkono mmoja.

Sijui kueleza nilivyokaa pale. Ndizi niliyokuwa naimenya ilianza kubadilika rangi. Nilikuwa nafikiri kwamba kumbe shaba haina sura yake. Kila mahali inapokwenda inavaa mahali hapo, na mtu akiiangalia anadhani anaona shaba. Dhahabu ya mjomba ilikuwa imevaa chumba fulani cha mbali chenye dirisha kubwa na kuta nyeupe, na mimi nilikuwa nimemvisha mama yake Bibi chumba hicho, mwanamke ambaye labda hakuwahi kuona dirisha la kioo. Ndiyo maana Bibi hakumjua. Nilikuwa nimempeleka ugenini.

Nilirudi Bukoba nikiwa na mikono ile ile, waya sikuuvua. Niliuvua studio, nikauweka mezani ubavuni mwa kioo, mkono wa kisu kulia, mkono wa ndizi kushoto. Nilifuta kila kitu nilichokuwa nimefanya kuanzia viwiko kwenda chini. Nilianza uzi wa kwanza, kwa leya, yaani matabaka ya rangi yanayolaliana. Leya ya chini ya wekundu, juu yake leya ya kijani, imebanwa, nimeiachia ionekane nusu. Juu yake uzi mweupe wa anga, upande mmoja tu, ule jua lilikokuwa kwenye picha ya zamani; nililijua kwa kivuli cha shavu lake. Chini, kahawia ya uwanja. Halafu uzi wa pili. Sikunakili. Nilikuwa na uwezo wa kunakili, kitufe kiko palepale, na nilikuwa najua jicho la Bibi halingoji. Lakini nilikuwa nimeshanakili mara moja.

Siku kumi na moja. Kwenye mkono wa kushoto niliweka matone ya utomvu moja moja, nikiangalia waya, nikiweka, nikiangalia waya.

Siku ya nane mjomba alivuta stuli akakaa nyuma yangu. Wateja wa harusi walikuwa wameanza kulalamika. Akanyoosha kidole kwenye leya ya kijani.

"Shaba gani ina kijani?"

Nikamwambia ni kibanja.

Akachukua kipanya mkononi mwangu akaizima ile leya. Shaba ikafa. Ilikuwa bado nyekundu, bado ina weupe na weusi, lakini ilikuwa plastiki iliyopakwa rangi. Akaiwasha. Ikarudi kuwa shaba. Akaizima. Akaiwasha. Alifanya hivyo sijui mara ngapi, na kila ilipowaka tulisikia kama kitu kimeingia chumbani. Mtu huyu alikuwa amefanya kazi ya picha tangu enzi za filamu na chumba cha giza, yeye ndiye aliyenionyesha chuma cha kwanza.

"Na huyu mweusi katikati?" aliuliza kwa sauti ya chini, akisogeza uso.

"Ni mtu aliyekaa mbele yake. Mtoto."

Nilikuwa nimeweka doa hilo kwenye kila uzi. Pale nilipokuwa nimekaa mimi, niliweka doa fupi zaidi, la chini, la mtu anayekaa sakafuni. Kwenye karatasi hakuna atakayeliona, ni dogo kuliko mbegu ya ulezi. Lakini shaba ile ilikuwa imemwona.

Mjomba aliinuka akarudi mlangoni. Mteja wa kadi za harusi alipoingia akiuliza zake ziko wapi, nilimsikia akimwambia fundi wake ana kazi ya shaba, asubiri au akatafute dhahabu kwingine.

Tulichapa kubwa, karibu upana wa trei, na safari hii kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu nilikumbuka jinsi ile ya kwanza ilivyommulika. Shaba ya ndani ya picha ndiyo iliyotakiwa kung'aa, karatasi inyamaze.

Nilipofika Izigo, Bibi alikuwa amekaa nje. Nilimjia kwa ubavuni nikamsalimia, akageuza kichwa chote na mwili, akapapasa hewa kidogo kabla hajanipata. Majuma yale yalikuwa yamechukua kipande kingine cha jicho. Jirani aliniambia pembeni kwamba juzi alimwaga chai pembeni ya kikombe. Niliona zile siku kumi na moja, uzi kwa uzi, na nikajiuliza ningenakili hata nusu yake ningekuwa nimefika lini.

Hatukuingia ndani. Niliegemeza picha kwenye kiti, mlangoni, mahali penye mwanga usio na jua la moja kwa moja. Bibi alisogeza kigoda chake, akazungusha kichwa kama kawaida yake, kulia, kushoto, juu. Nikaona anahangaika. Alisema anaona rangi, anaona mtu, lakini mtu huyo yuko juu mno.

Nikafikiri anataka niishushe. Nikashika fremu. Akanikataza kwa mkono. Akaniegemea begani, akatoka kwenye kigoda, akashuka chini, akakaa kwenye udongo wa mlangoni, miguu ameikunja upande mmoja. Sasa uso wake ulikuwa sawa na mikono ya yule mwanamke.

Akatulia.

Alianza na mkono wa kushoto. Alisogea mpaka pua ikakaribia karatasi, akaenda nao taratibu kutoka kwenye kifundo kwenda juu, uzi kwa uzi, kama mtu anayesoma kwa shida, na mimi nilikuwa nyuma yake nikienda naye, nikilikumbuka kila tone. Kisha akahamia wa kulia. Kisha akarudi kushoto. Jirani alitaka kusema neno nikamshika gauni.

Kwetu mwanamke akimsalimia aliyemzidi umri, hupiga magoti. Bibi ndiye mkubwa kuliko wote waliobaki kwenye ukoo wetu, kwa hiyo miaka yote ya maisha yangu nimeona watu wakimpigia magoti yeye, na sikuwahi kumwona yeye akimpigia mtu. Aliweka viganja chini akajiinua, goti moja, halafu la pili. Akainamisha kichwa mbele ya mwanamke ambaye kwenye picha hakuwa amefika hata miaka thelathini, na akamwamkia kwa Kihaya, kwa sauti nyembamba ya mtoto aliyetumwa kusalimia wageni.

"Mae waitu," alisema. Mama yetu.

Nilikuwa nimesimama. Nilijiona nimesimama, na yule mama ni mkubwa wangu pia, nikapiga magoti nyuma ya Bibi. Jirani, ambaye si wa ukoo wetu, akapiga magoti naye, hakujua afanye nini kingine.

Tulikaa hivyo muda ambao sikuuhesabu. Bibi alikuwa anaongea na picha kwa Kihaya, chini chini, habari za watoto wake, nani kafa na nani yuko wapi, kibanja kinazaa vipi. Alimweleza habari ya jicho. Mimi nilikuwa naangalia zile bangili juu ya bega lake. Nilijua ni leya, nilijua kila moja ilikokaa, na bado kwa muda fulani sikuweza kuamini kwamba mimi ndiye niliyezitengeneza.

Kisha akanyamaza, akajaribu kuinuka, magoti yakakataa.

"Mke mwenzangu, ninyanyue," alisema. "Na utomvu umeuzidisha karibu na kiwiko. Mama alikuwa msafi kidogo kuliko hivyo."